Nota ya Sauti ya Tatu

Shemeji yangu hakuwahi kunikosea. Naanza na hilo ili msomaji asije akanitafutia sababu, maana mimi mwenyewe niliitafuta kwa muda mrefu nikaikosa. Nilimwonea wivu, basi. Nilimwonea wivu kuanzia msimu mmoja wa korosho hadi wa pili, nikiwa mke wa kaka yake, mama wa watoto watatu, mwalimu wa darasa la tano na mpiga kinanda wa parokia yetu hapa Newala.

Kinanda nilifundishwa na masista wa Lukuledi nilipokuwa binti wa bweni. Sista wangu alikuwa mzee mwenye rula, na ukikosea alikugonga vidole kabla sauti haijaisha. Wenzangu walijifunza solfa, ile ya do re mi inayoandikwa kwa herufi, ambayo ndiyo kwaya zote za kwetu huitumia. Mimi nilifundishwa na ile ya mistari mitano pia. Kwenye kabati la masista niliona picha ya okestra: watu wameketi nusu duara, wamevaa nguo nyeusi, kila mmoja na karatasi yake mbele. Nilipopangiwa kazi Newala nikawa mtu pekee, kutoka mjini hadi Kitangari, niliyeweza kuitazama ile mistari na kuimba kilichoandikwa. Sikujisifu kwa mdomo. Nilikuwa tu na namna yangu ya kufungua kitabu cha nota polepole wakati watu wananitazama.

Mwaka ninaousimulia, wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua korosho, na fedha ilipanda hadi huku kwetu juu ya uwanda kwa kasi ambayo hatukuizoea. Zilikuja redio za kaseti, zikaja suruali za mitumba, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja kutoka Masasi na jenereta, televisheni na deki ya kuchezea kanda za video. Kule Masasi alikuwa akikaa mlangoni kwenye banda la video la mtu mwingine. Sasa alikuwa na banda lake mwenyewe, karibu na soko, limezungushiwa magunia ili mwanga usiingie. Siku za ngumi na mateke lilijaa. Siku za filamu za kutisha lilijaa zaidi, na waliokosa nafasi walisimama nje wakisikiliza.

Mwaka huohuo mwalimu wetu wa kwaya alizeeka, akaenda kuishi kwa binti yake. Nafasi ikabaki wazi. Nilikuwa nimempigia kinanda miaka tisa, nimemsahihishia nota zake bila kumwaibisha, na niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote baada ya ndoa. Paroko hakuniteua moja kwa moja. Alisema atakayeandaa vizuri igizo la Krismasi ndiye atakayeshika kwaya. Mimi niliposikia hivyo nilishajiona nimesimama mbele na fimbo ya kuongozea mkononi.

Igizo lilikuwa la yule mfalme aliyeamuru watoto wachanga wauawe. Paroko aliligawa. Mimi nilipewa nyimbo za malaika na wachungaji. Shemeji yangu, ambaye alikuwa anaimba sauti ya nne na kuchelewa mazoezi, alijitolea kushughulikia sehemu moja tu: askari wanapoingia kijijini. Alisema hapo pasiimbwe maneno.

Nilikuwepo alipoanza. Aliwaambia akina mama wa sauti ya pili washike nota ya la, waivumishe tu mdomo ukiwa umefumba. Kisha akawapandisha wanaume wa sauti ya tatu hadi kooni kabisa, mahali wanapokaribia kukabwa, akawasimamisha nusu hatua juu ya akina mama, umbali mdogo kuliko wote kati ya nota mbili. Wakateleza kwenda kuungana nao, kama mtu anavyofanya akisikia anakosea. Akawarudisha. Wakateleza tena, akawarudisha tena, hadi wakakaa. Sauti zile mbili zilisuguana pale katikati ya kanisa, na vinyweleo vya mikono yangu vikasimama. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaacha kunyonyesha, akageuka kutazama mlangoni.

Niliumia. Sina neno lingine. Miaka yote ile ya rula na vidole, na hakuna aliyewahi kugeuka kutazama mlangoni kwa sababu yangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye banda lake. Nilikwenda mchana, baada ya shule, nimejifunika kanga kichwani ili wazazi wa wanafunzi wangu wasinione. Shemeji alinipisha bila maswali, akanipa kiti, akakataa hela yangu. Kwenye filamu mwanamke mmoja alikuwa anapanda ngazi za nyumba kubwa, peke yake, na hakuna kilichokuwa kinamfuata ila muziki. Nilijitahidi kuusikiliza. Nilitaka kuupanga kwenye mistari: hii sauti iko wapi, ile iko wapi. Sikuweza. Ulinipita wote kwa pamoja, nikabaki nimeshika kiti tu, na nilipotoka sikukumbuka hata nota moja.

Yeye alikuwa amekaa kinyume, mgongo kwenye televisheni, anatazama watu. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia filamu alishaiona mara nyingi. Anachotazama ni mabega. Vile vinanda vinavyolialia vikianza, alisema, mabega ya banda zima yanapanda, na vikinyamaza ghafla hayashuki, yanangoja. Ili nimwamini alikwenda akapunguza sauti hadi ikaisha. Yule mwanamke akaendelea kupanda ngazi kimyakimya, muuaji akatoka nyuma ya pazia na kisu chake, na watu wakacheka. Walicheka kweli, mmoja akamwambia muuaji afunge kwanza viatu. Shemeji akarudisha sauti na kicheko kikafa.

Nilimwambia kwamba vile si vinanda, vinaitwa fidla. Nilimweleza ile picha ya Lukuledi, kwamba wapigaji wanaweza kufika sabini. Nilifurahi kuwa na kitu ambacho yeye hakijui.

"Watu sabini," akasema, "kazi yao kumtisha mama mmoja anayepanda ngazi?"

Akacheka, kisha akafikiri. Akauliza kama wale sabini hukariri. Nikamjibu hapana, kila mmoja ana karatasi yake na anapiga kilichoandikwa. Uso wake ukabadilika. Nadhani mpaka siku ile aliamini kwamba muziki wa namna ile unatokea tu, kama upepo. Akaniomba nimwandikie ile sehemu yake ya askari, ili nayo iwe na karatasi. Alisema yeye anayo masikioni lakini akifa itapotea, na mimi ndiye mwenye mkono.

Alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi na ndoo mbili za maji kwa ajili yangu, maana wiki ile bomba lilikuwa kavu na tulikuwa tunanunua. Akaketi mezani akaniimbia sauti moja baada ya nyingine, na mimi nikaandika. Sauti ya kwanza nikaiandika alivyoimba. Sauti ya pili, la, nikaiandika. Sauti ya tatu aliimba nusu hatua juu ya la, akaishika huku amefumba macho, mishipa ya shingo imemtoka. Nikaandika do.

La na do ni nota mbili zinazopatana. Ukiziimba pamoja mtoto analala. Masista walitufundisha kwamba nota zilizopakana hazishikwi pamoja bila sababu, na nilijiambia kwamba namsahihisha, kama nilivyokuwa namsahihisha mwalimu wa zamani. Lakini nilijua. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na nilijua kabisa kwamba kwaya ikiimba nilichoandika, askari wataingia kijijini na watu hawatatishika, na paroko ataona nani anajua muziki na nani ana jenereta tu. Shemeji alifumbua macho akaitazama karatasi kwa heshima. Hakuwa anajua kusoma hata solfa.

"Asante, shemeji," akasema. "Sasa na yetu imeandikwa."

Nikanakili solfa kwa kwaya nzima, karatasi ishirini na nne, na moja ya mistari mitano kwa ajili yangu. Nilikuwa na bidii kuliko siku zote. Mume wangu aliniona nimeinamia meza siku tatu akasema mdogo wake ana bahati ya kupata shemeji kama mimi. Nikavuta karatasi nyingine.

Nyimbo zangu za malaika zilikuwa zimeshaiva, na mazoezi yaliyobaki sikuhudhuria. Kinanda kilikuwa Masasi kwa fundi, panya walikuwa wametafuna ngozi za mifuko ya upepo, kwa hiyo hakuna aliyenihitaji, na nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kwa kweli sikutaka kuwa pale wakati sehemu ile inaharibika. Kinanda kilipandishwa kwenye lori la mzigo siku mbili kabla ya Krismasi, nikakijaribu peke yangu, kikatoa sauti.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la mtu aliyesahau anaishi na nani. Nilikuwa nimekaa na kwaya ile miaka tisa. Nilijua kwamba karatasi kwetu ilikuwa sehemu ya sare, kama kitambaa cheupe cha shingoni. Ilishikwa mkono wa kushoto, usawa wa kifua, na wengine waliishika juu chini mwaka mzima. Nyimbo zilijifunzwa kwa mdomo wa mwalimu, na zikishaingia haziwezi kutolewa na herufi. Yote hayo niliyajua. Wivu ulinifanya niamini kwamba maandishi yangu yana nguvu kuliko koo la mtu aliyewasimamisha pale na kuwarudisha kila walipoteleza.

Alasiri ya Krismasi kanisa lilijaa hadi madirishani. Majirani zetu Waislamu walikuja na watoto wao, kama tulivyokwenda kwao siku ya Idi, na wakakaa upande wa mlango mkubwa. Nyimbo zangu za malaika zilipita salama. Watu walipiga makofi kwa adabu. Kisha akina mama wa igizo wakaketi chini na vichanga vyao, viwili vya kweli na vingine vya kanga zilizokunjwa, na shemeji akasimama mbele ya kwaya. Akainua mkono akanyamaza. Alikaa na mkono ule juu muda mrefu mno, hadi watu wakaanza kukohoa, kisha wakaacha kukohoa. Nikaona mabega ya benchi la mbele yakipanda. Ndipo akaushusha.

Kwaya ikavuma. Akina mama la, wanaume nusu hatua juu, kama walivyojifunza siku ya kwanza, na karatasi zangu zote zimeshikwa vizuri usawa wa kifua. Mtu pekee aliyekuwa anasoma kanisani mle nilikuwa mimi. Nikapiga kilichoandikwa. Nikapiga do.

Nota tatu zilizopakana zikakutana. Nilizisikia kwenye meno. Kinanda chetu, na zile ngozi mpya zilizokuwa zinapumua kwa nguvu, kilitoa kitu ambacho si wimbo na si kelele, na mara moja nikajua nani yuko nje ya njia. Ningeweza kuinua kidole. Kingekuwa kitendo kidogo sana. Lakini niliwaza: acha iharibike, lawama ni yake, yeye ndiye kiongozi. Nikakiacha kidole pale pale na nikakanyaga upepo kwa miguu yote miwili.

Askari wakaingia na mapanga yao ya mbao. Kichanga kimoja cha kweli kikalia. Mfanyabiashara mmoja mnene wa korosho, aliyekuwa benchi la pili, akapandisha miguu yake juu ya benchi. Mama mmoja upande wa mlango mkubwa, ambaye mtoto wake hakuwemo hata kwenye igizo, alimnyakua akatoka naye nje. Askari wetu mmoja, kijana mpole wa ofisi ya maji, alisimama katikati ya kanisa akasahau anatakiwa kufanya nini. Shemeji alipofunga ngumi tukanyamaza sote, na hakuna aliyepiga makofi. Walikaa wanatazamana. Makofi yalikuja baadaye, pamoja na kile kicheko cha watu waliookoka.

Nilibaki nimekaa kwenye kinanda nikingoja shemeji aje aniulize nilikuwa napiga nini. Alikuja. Alikuwa na jasho usoni, na macho yamemjaa machozi.

"Ile sauti ya kinanda," akasema. "Ndiyo hiyo. Kwenye filamu naisikia kila siku na nimeshindwa kuitoa mdomoni. Uliijuaje, shemeji?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kanisa lilikuwa na kelele, tungekuwa wawili tu.

"Niliisikia tu," nikasema.

Aliwaambia watu wote. Alimwambia mume wangu, akamwambia katekista, akawaambia hata wateja wake wa banda. Paroko alipomwita ili ampe kwaya, alikataa. Alisema mwenye sikio ni shemeji yake. Yeye aliwapanga watu tu, mimi ndiye niliyeweka kile kilichokosekana. Kwa hiyo nikawa mwalimu wa kwaya. Nilikipata nilichokitaka, kwa mkono wa mtu niliyetaka kumharibia, na cha ajabu wivu haukupungua. Ulizidi. Hata ukarimu wake niliuonea wivu.

Sifa zina tabia ya kumzoea mtu. Kufikia Pasaka nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kweli niliisikia. Nilijisimulia kwamba kidole changu kilijua kabla yangu. Shemeji alikuwa amerudi na deki yake Masasi, ambako sasa kulikuwa na mabanda mengi na ushindani, na mimi nikaanza kuifanya kwaya iwe ya kusoma. Nilifundisha solfa kila Jumatano. Wa zamani karibu wote walichoka wakaacha, wakaja wapya, na wapya hawakuruhusiwa kuimba kitu kabla hawajakisoma. Nilijivunia sana hilo. Kwaya yangu haikushika karatasi juu chini.

Krismasi iliyofuata watu waliomba igizo lilelile. Kwenye mazoezi kwaya ilisoma kilichoandikwa bila kosa, na mimi nilikuwa nasikiliza makosa tu. Walikuja wengi zaidi, wengine kwa miguu kutoka vijiji vya bondeni, wamesikia habari ya muziki wa kutisha. Shemeji alipanda kwa basi asubuhi, akaketi nyuma. Niliinua mkono, nikangoja kama alivyongoja yeye, nikaushusha. Kwaya ikasoma. Akina mama la, wanaume do, na kinanda, ambacho sasa kilipigwa na mwanafunzi wangu, la na do. Ikatoka tamu. Askari wakaingia na mapanga yao kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto, na benchi la nyuma mtu akaendelea kumenya karanga. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama wale ni wachungaji. Watu wakacheka kama walivyocheka banda la video sauti ilipozimwa.

Sikuelewa kwa sekunde kadhaa. Naapa sikuelewa. Kisha nikaitazama karatasi iliyokuwa mbele yangu, mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, umenyooka.

Kesho yake alikuja nyumbani. Alinywa chai na mihogo pamoja na kaka yake, wakazungumza habari za bei ya korosho, na kaka yake alipokwenda msalani akaniomba nimletee ile karatasi. Nikamletea. Akasema nimsomee, sauti moja baada ya nyingine, kwa kuimba. Nilikuwa naweza kumdanganya. Asingeweza kujua nilichosoma na nisichosoma. Lakini mdomo wangu ulifundishwa kwa rula, na haujui kusoma kisichoandikwa. Nikaimba sauti ya kwanza. Nikaimba ya pili, la. Nikaimba ya tatu.

"Rudia hiyo," akasema.

Nikarudia. Akaimba ya kwake chini chini, nusu hatua juu ya la, huku mimi nimeshika do. Tulikaa hivyo, yeye na mimi mezani, hadi pumzi yangu ikaisha. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kikombe. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunipa nafasi ya kuona.

"Ungeniambia tu kwamba unaitaka kwaya, shemeji," akasema. "Ningekuachia tangu siku ile."

Kaka yake aliporudi wakaendelea na korosho pale walipoishia. Nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango, mikono haina kazi. Aibu nilikuwa nayo, na ninayo hadi leo. Ila kilichonijia kwanza, kabla ya aibu, ni kwamba yeye asiyejua kusoma aliipata nota ile kwa kusomewa mara mbili tu, na mimi niliyeiandika kwa mkono wangu nilikaa nayo mwaka mzima sikuisikia. Hata pale, nyuma ya mlango, nilimwonea wivu.